JSS za huku Kinango: nimezunguka, nimedharauliwa, na bado mtoto nimempeleka palepale

Wazazi mlio na watoto gredi ya sita someni hii kabla hamjaamua. Mimi nilizunguka JSS, yaani sekondari ya chini ya gredi ya saba mpaka ya tisa, za serikali huku kwetu Kinango, kaunti ya Kwale, nikitafuta pa kumuweka binti yangu gredi ya saba, na hasira niliyotoka nayo bado ninayo mpaka sai.

Watu wanasema JSS zote ni sawa tu, eti zote ziliwekwa ndani ya shule za msingi tangu 2023, zote zinapewa shilingi 15,042 kwa kila mtoto kwa mwaka, kwa hivyo peleka ya karibu umalize. Si kweli jamani. Pesa hata ikiwa moja, walimu si sawa.

Ya kwanza ndiyo kila mtu huku anaisifu. Rangi mpya, geti, darasa la JSS limejengwa vizuri, na hedi, mwalimu mkuu, ni mtu mstaarabu kabisa, alinipa kiti, akaniuliza za nyumbani. Nikamuuliza nani anafundisha hisabati na sayansi. Akasema wana mwalimu wa Kiswahili na dini ndiye "anasaidiasaidia". Masomo ni tisa! Mtu amesomea Kiswahili halafu ndiye huyohuyo wa sayansi, hisabati, na kilimo juu yake, atasaidia vipi? Simlaumu mwalimu, ameachiwa mzigo wa watu wanne. Lakini pale nilitoka.

Sasa ya pili. Hapa ndipo damu ilinichemka. Hedi yuko kwenye simu, hata salamu hakuitika, wazazi tumepanga foleni mlangoni tunaskia kila kitu. Zamu yangu ikafika nikauliza swali lilelile, kwa heshima, mwalimu samahani, nani anafundisha sayansi hapa. Akaniangalia toka kichwani mpaka kwa ndara zangu akasema, "Mama, wewe umesoma mpaka wapi?" Mbele ya watu. Nikamwambia niliishia darasa la nane. Akasema, "Basi mambo ya sayansi unauliza ya nini? Leta mtoto, leta pesa ya dawati, rudi nyumbani."

Wallahi nilitetemeka. Mimi kuishia darasa la nane kunamhusu nini yeye? Binti yangu anataka unesi. Gredi ya tisa atafanya KJSEA, mtihani wa kumaliza JSS, na huo peke yake ni asilimia 60 ya alama za kumpeleka sinia, sekondari ya juu, zingine ni 20 za KPSEA, ule mtihani wa gredi ya sita, na 20 za kazi za darasani. Bila mwalimu wa sayansi hiyo njia ya STEM, ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ataiskia kwa redio tu. Mzazi asiulize?

Na hiyo pesa ya dawati! Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inasema mchango shuleni unataka idhini ya waziri, mtoto asifukuzwe kwa kukosa kulipa, na anayepokea pesa atoe risiti rasmi. Nilimuomba hiyo idhini nione. Akaniambia nampotezea wakati.

Nilitoka pale nimeshaamua nitawaambia wanawake wote wa chama chetu wasikanyage ile shule. Ya tatu hata sikuichunguza sana, iko ng'ambo ya mto na mvua ikinyesha watoto hawavuki, basi.

Lakini wakati natoka ya pili nikapita nyuma ya madarasa. Ulikuwa muhula wa tatu, mwaka uleule wa mgomo wa walimu wa JSS, 2024. Nikaona mwalimu mmoja kijana na watoto wa gredi ya saba, maabara hakuna, amekata chupa za plastiki amejaza mchanga, kokoto na mkaa, wanachuja maji machafu, na watoto wanapigania kueleza mkaa unafanya kazi gani. Yule mtoto wa jirani yangu asiyefungua mdomo nyumbani ndiye alikuwa anaeleza. Nikasimama pale dirishani muda mrefu sana. Aliponiona akanikaribisha, "Shikamoo mama, ingia," akaniwekea hata stuli. Mwalimu wa intani, yaani hajaajiriwa rasmi bado, alikuwa akilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na anafundisha vile!

Nikabaki nimechanganyikiwa. Kule nilikopewa kiti ofisini hakuna wa kumfundisha mtoto, na hapa nilipotukanwa ndipo mwalimu yuko.

Binti yuko pale sasa. Sayansi anaipenda, anarudi jioni ananieleza mambo mimi sijawahi kuyaskia, na kwa hilo naisifu hiyo shule kuliko zote huku. Namsifu mwalimu lakini, hedi simsifu hata kidogo, na akihamishwa yule kijana mimi sioni kitu kingine cha kumuweka mtoto pale, namtoa siku hiyohiyo. Mkienda, nendeni siku ya masomo, msiishie ofisini, zungukeni madarasani muone nani amesimama mbele na anafundisha nini.

Pesa ya dawati nililipa. Wanakaa watatu kwa dawati moja na risiti sijapewa. Wiki hii naenda tena kuidai, na safari hii naenda na wazazi wenzangu.