Vibanio vya Kijapani vya kitambaa: tazama mgongo kabla ya ua

Malalamiko mnayoniandikia karibu yote ni yale yale: kibanio kilikuwa kizuri ajabu, kisha katikati ya harusi ua likaanguka, kikabaki chuma kichwani. Basi leo siongelei rangi wala ukubwa, hayo mnayaona pichani. Naongelea mgongo wa kibanio, pale chuma kinaposhikana na ua.

Baadhi hutengenezwa kwa kimekomi, ufundi wa wanasesere ulioanzia Kamigamo, Kyoto, karne ya 18. Fundi huchonga mifuo kwenye umbo la mbao, au la unga wa mti wa kiri uliokandwa kwa gundi ya wanga, kisha huzisukumia humo ncha za kitambaa. Huoni mshono hata mmoja. Lakini mwanasesere hukaa rafuni, havutwi na mtu. Kibanio huvutwa kila kinapofungwa na kufunguliwa, na kwa nywele nzito kama zetu ndiyo usiseme. Chuma kilichogandishwa kwa tone la gundi juu ya umbo laini kitang'oka tu, hata hariri iwe ya kifalme. Tafuta bamba la chuma lililozamishwa ndani ya umbo, au lenye matundu yaliyopitishwa uzi. Muuzaji mmoja nilimwomba picha ya nyuma, akanitumia ya mbele kwa mara ya pili. Sikununua.

Namba moja kwangu ni duka la Kazurasei, mtaa wa Gion, Kyoto, na upendeleo wangu siufichi. Wao ni watu wa nywele tangu 1865, wanauza mafuta ya kamelia na mapambo ya kichwa, si watu wa wanasesere.

Cha pili ni kibanio cha kimekomi kutoka karakana yenyewe ya wanasesere, Tokyo au Iwatsuki, mji wa wanasesere karibu na Tokyo, mgongo ukishapita mtihani.

Cha tatu ni tsumami: vipande vya hariri vinavyokunjwa kwa kibano na kugandishwa kwa gundi ya wanga wa mchele. Vinapendeza mno, ila wanga na jasho haviivi chungu kimoja. Usivae nywele zikiwa mbichi.

Vya bei rahisi, vya poliesta, mnunulie mtoto.

Kinachonikera ni bei. Serikali ya Japani iliitambua kimekomi ya Edo (jina la zamani la Tokyo) kuwa sanaa ya jadi mwaka 1978, lakini iliyotambuliwa ni ya wanasesere. Wauzaji wa mtandaoni wanalibandika jina hilo kwenye kibanio chochote na kupandisha bei, halafu nauli na ushuru unalipa wewe.