Kibodi ya swichi za bluu kwenye ofisi ya watu wanne, uzoefu wangu wa miezi 8 hapa Tanga

Kabla sijanunua nilitafuta sana mtu wa kwetu aliyeelezea hizi kibodi za mekanikali, zile ambazo kila batani ina swichi yake chini, kwa Kiswahili, hasa upande wa kelele, sikupata, wengi wanasifia taa na rangi tu. Kwa hiyo naandika mimi.

Kazi yangu ni kutranskraibu mahojiano, yaani watafiti wananitumia rekodi, nasikiliza, naandika neno kwa neno, siku zikikaza natype hata masaa 7 na batani za laptopu zilishaanza kuniumiza vidole. Ofisi tunachangia kodi watu wanne chumba kimoja, Ngamiani, ghorofani, chini yetu kuna duka la spea za baiskeli. Kuna dada ni wakala wa forodha, siku nzima yuko kwenye simu na watu wa bandarini, kuna mzee wa mahesabu, kuna kijana anadizaini mabango, na mimi.

Nilinunua Januari kutoka Kariakoo, elfu 95, ikaja na basi nikaifuata stendi ya Kange. Batani 87, ile isiyo na namba pembeni, swichi za bluu, muuzaji aliniambia bluu ndo zinazotoka sana. Jina la kibodi silitaji maana ishu yangu sio kampuni, ishu ni aina ya swichi, na hiyo utaikuta kwenye kibodi za kampuni nyingi tu kwa sababu muundo wenyewe ulikuwa wa kampuni ya Cherry ya Ujerumani na patenti, yaani haki ya kuumiliki, ilipoisha 2014 hivi viwanda vya China kama Gateron, Kailh na Outemu vikawa vinatoa za kwao, rangi zilezile, bluu ina tak, kahawia ina kakikwazo kadogo bila tak, nyekundu inashuka laini moja kwa moja.

Na nisiseme uongo, kuitype ile kitu ni raha. Kila batani inakujibu. Mwezi wa kwanza tu makosa yalipungua kwa sababu kidole kinajua herufi imeingia bila jicho kuangalia, vidole vikaacha kuuma, nikawa namaliza rekodi ya saa moja mapema kuliko zamani. Kwa upande wa kazi ningeipa nyota zote.

Sasa kelele. Januari mpaka Mei hakuna aliyesema neno. Mnajua Tanga joto lake, feni mbili za juu zinazunguka fulu, madirisha wazi, bajaji na baiskeli chini, fundi anagonga rimu, yaani kibodi yangu ilikuwa imemezwa. Mi nikajua haina shida. Kumbe haikuwa kibodi iliyokuwa kimya, ni chumba kilichokuwa na kelele. Juni kusi ikawa imeshika, baridi kidogo, mzee akaomba feni zizimwe na dirisha la upande wake lifungwe, na hapo ndo ikaanza kusikika, lakini bado mi nilikuwa na earphone masikioni nasikiliza rekodi kwa hiyo mtu wa mwisho kuisikia kelele yangu nilikuwa mimi mwenyewe. Hili mtu wa kutranskraibu alishike sana.

Siku niliyoelewa ni siku umeme ulikatika mchana. Duka la chini likanyamaza, printa ikanyamaza, mi laptopu ina chaji nikaendelea, earphone moja nimeivua kwa sababu ya joto la sikio. Nikasikia chumba kizima kimejaa tak-tak-tak yangu. Nikainua macho, mzee ameweka kidole juu ya mstari kwenye daftari lake la risiti na midomo inahesabu, alafu akarudisha kidole juu kabisa akaanza upya. Pembeni kwenye meza, maana yangu na yake zimegusana, kijiko ndani ya glasi yake ya chai kilikuwa kinatetemeka kila nikipiga spesi. Niliacha kutype palepale.

Nikamuuliza dada, akaniambia kwa upole tu, "Kaka, mi nilikuwa naogopa kukwambia maana naona ndo kazi yako, ila wiki iliyopita mteja wa Dar kaniuliza kama Tanga kunanyesha." Ile tak ukiipitisha kwenye maiki ya simu inasikika kama mvua kwenye bati. Na huyu dada anataja namba za kontena kwenye simu, herufi moja ikipotea ni gharama kwa mtu. Iliniuma kweli.

Mzee nikamwendea, nikampa shikamoo yake, nikamwomba radhi. Zamani alikuwa karani kwenye ofisi ya shamba la mkonge. Akaniambia, "Mwanangu, sisi tulikaa chumba kimoja taipureta sita. Lakini ile ikifika mwisho wa mstari inapiga kengele, unaisukuma, inapumua. Hii yako haipumui." Alafu akaniuliza chini ya kibodi nimetandika nini. Nikamwambia sijatandika kitu. Akasema wao walikuwa wanatandika kipande cha blanketi zito, kila taipureta na chake.

Hapo nikaanza kujifunza kelele inatoka wapi, na nimegundua inatoka sehemu tatu, usichanganye. Ya kwanza ni ile tak yenyewe, ndani ya swichi ya bluu kuna kipande cha plastiki kinachoteleza na kugonga, na kinagonga batani ikishuka na mara nyingi unakisikia tena ikipanda, kwa hiyo herufi moja unapata milio miwili. Ya pili ni batani kugota chini, safari yake ni milimita 4 lakini herufi inaingia ikishafika 2 na kidogo, sisi tunaopiga kwa nguvu tunaishindilia mpaka chini bure. Ya tatu ni meza. Meza zetu ni zile za mbao za kubandika, ndani tupu, ukiweka kibodi juu yake umeiweka juu ya ngoma.

Nilianza na ushauri wa mzee kwa sababu ulikuwa wa bure. Blanketi kuukuu, nikakata kipande nikakunja mara mbili, nikaweka chini. Glasi ya chai ikatulia siku hiyohiyo. Ule mlio mzito ukapungua sana, tak ikabaki kama ilivyo. Alafu nikanunua vile vipete vidogo vya mpira vya kuvalisha ndani ya kila batani, hivi vinasaidia ile ya kugota tu, kwa swichi za bluu msitegemee sana maana tak iko ndani ya swichi, mpira hauifikii. Batani ndefu, spesi, enta na shifti, zina waya chini unaocheza, hizo nikapaka grisi nyeupe ya silikoni kidogo kwa ncha ya kijiti cha masikio na ile sauti ya kopo ikaisha. Katika vyote hivi grisi ndo imenishangaza, kitu cha dakika ishirini.

Dawa kamili ilikuwa kubadili swichi. Bahati kibodi yangu ni zile ambazo swichi inachomoka bila kuunguza risasi, hili muulize muuzaji kabla hujatoa hela maana nyingi za bei nafuu zimechomelewa. Niliagiza swichi 90 za kimya, nyekundu, zile zenye vipira laini, juu na chini, kwenye kile kipande kinachoshuka na kupanda ili isigote ikishuka wala ikirudi. Elfu 70 pamoja na usafiri, wiki tatu. Zilikuja za miguu mitano wakati ubao wangu, ule wa ndani ya kibodi unaochomekwa swichi, unapokea mitatu, ikabidi nikate vile viplastiki viwili vya pembeni kwa mkasi wa kucha, swichi moja moja, jioni mbili. Pini mbili za chuma zilijikunja nikazinyoosha kwa kibanio cha nyusi cha dada. Chomeka wima kabisa, usilazimishe, ukisikia inagoma toa angalia pini.

Nilipima kwa programu ya simu, simu nimeiweka kwenye kiti cha mzee, feni zimezimwa. Simu sio kipimo cha maabara ila tofauti inaonekana. Chumba kitupu desibeli 40. Bluu juu ya meza tupu 64, bluu na blanketi na vipete 58, swichi za kimya na blanketi 47. Na hizi desibeli hazihesabiwi kama kilo za sukari, ikipungua 10 sikio linasikia kama sauti imekatwa karibu nusu, kwa hiyo 64 mpaka 47 ni kubwa sana. Siku ya kwanza nilitype nusu saa nzima, dada akageuka akaniuliza leo huna kazi?

Nilichopoteza ni ile raha ya kujibiwa. Swichi za kimya zinashuka kama unabonyeza kwenye ubwabwa, wiki mbili za mwanzo nilikosea sana, herufi zinajirudia kwa sababu nyekundu ni nyepesi na mkono wangu ulizoea kushindilia. Sasa nimezoea lakini spidi bado haijafika ile ya bluu na nikisema imefika nitakuwa nawadanganya. Nimeikubali. Mzee anafunga hesabu zake bila kurudi juu ya ukurasa, na kwangu hilo ni kubwa kuliko dakika kumi ninazochelewa kwenye rekodi.

Kwa hiyo bluu kwenye chumba cha watu naipa nyota 1, chumbani kwako peke yako 5. Ya kimya ofisini 4. Kahawia nimeijaribu kwa rafiki tu, haina tak ila ya kugota chini iko palepale, kwa hiyo blanketi bado utalihitaji. Na ukitaka kujua kelele yako ya kweli zima feni, vua earphone, mwambie mwenzako akae kwenye kibodi yako atype alafu wewe kaa kwenye kiti chake.

Swichi zangu za bluu 87 ziko kwenye kopo la maziwa nyumbani, nzima zote. Nishaamua nitampa bure mtu wa hapahapa Tanga mwenye ubao wa kuchomeka, ila awe anafanyia kazi peke yake.