Tathmini ya seti ya kuanzia ya Arduino kwa mradi wa klabu ya sayansi

Mimi ni mlezi wa klabu ya sayansi katika shule ya sekondari ya kutwa mkoani Morogoro. Mwaka huu klabu yetu ilitumia seti ya kuanzia ya Arduino, yaani bodi ndogo ya kielektroniki inayopewa maelekezo kwa kompyuta, pamoja na vifaa vyake, kuandaa mradi wa mashindano ya klabu za shule, na naandika tathmini hii kwa ajili ya walimu wenzangu wanaofikiria kununua seti kama hiyo kwa michango ya wanafunzi. Kabla ya kununua nilitafuta maelezo ya mwalimu aliyekwisha kuitumia akiwa na kompyuta chache za zamani na umeme wa kukatikakatika, lakini sikuyapata.

Mradi wenyewe ulibuniwa na wanafunzi watatu, wawili wa Kidato cha Tatu na mmoja wa Kidato cha Pili. Walitaka kutengeneza kifaa kinachopima unyevu wa udongo kwenye tuta la mchicha na kuwasha pampu ndogo pale udongo unapokauka, ili bustani ya shule isife kila tunapofunga kwa likizo fupi.

Seti tuliinunua Kariakoo kwa shilingi 95,000. Ndani ya sanduku mlikuwa na bodi ya aina ya Uno, kebo ya USB, ubao wa kuchomekea nyaya, nyaya za rangi, vipingamizi, taa ndogo za LED, kihisi cha joto na unyevunyevu wa hewa, kihisi cha umbali, kihisi cha unyevu wa udongo, rilei moja (swichi inayowashwa na kuzimwa kwa umeme) na skrini ndogo ya mistari miwili. Pampu haikuwemo. Bodi haikuwa ya Arduino yenyewe bali nakala yake, na jambo hilo lisimtie mtu wasiwasi: mradi wa Arduino ulianzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, na michoro ya bodi zake imeachwa wazi ili kiwanda chochote kiweze kuzitengeneza. Kisichoruhusiwa ni kuipachika nakala jina na nembo ya Arduino.

Hata hivyo nakala hiyo ilitupotezea wiki nzima. Tulipoichomeka kwenye kompyuta, taa yake iliwaka, lakini kompyuta haikuitambua kabisa. Nyingi za nakala hizi hutumia chipu ya CH340 kuwasiliana na kompyuta, na kompyuta za zamani huhitaji draiva yake, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitambua chipu hiyo, ipakuliwe na kusakinishwa kwanza. Kijitabu kilichokuja na seti hakikutaja jambo hilo hata kwa sentensi moja. Mwalimu anayenunua aipakue draiva hiyo pamoja na programu ya kuandikia maelekezo, ambayo ni ya bure, na kuziweka zote kwenye flashi kabla wanafunzi hawajakaa mbele ya kompyuta.

Baada ya hapo bodi haikutusumbua tena. Ina pini 14 za kidijitali (za kuwasha na kuzima) na pini sita za analojia (za kusoma volti inayopanda na kushuka), nazo zilitutosha na kubaki. Ilichomwa kwa jua dirishani, ikaanguka sakafuni mara mbili, ikazimikiwa na umeme katikati ya kazi pasipo kupoteza maelekezo iliyopewa. Kwa shule, sifa hiyo ya mwisho ni kubwa: umeme ukirudi, kifaa kinaendelea na kazi chenyewe bila kompyuta.

Kihisi cha joto kinatosha kwa matumizi ya darasani, ilimradi wanafunzi waelewe kwamba kinaweza kukosea kwa nyuzi mbili hivi, wasibishane juu ya desimali. Skrini ilikuja na pini zake zikiwa hazijaunganishwa, tukampelekea fundi redio wa mtaani akazichomelea kwa risasi.

Sasa nije kwenye kihisi cha unyevu wa udongo, kwa kuwa mradi mzima ulikitegemea. Ni kama uma wenye meno mawili yanayozamishwa ardhini. Siku ya kwanza mwanafunzi wa Kidato cha Pili aliniita akiwa na kikombe cha maji mkononi: “Mwalimu, mbona tunamwagia maji na namba inashuka?” Nikamrudishia swali, wakakaa nalo mpaka kengele ya kutoka ikalia. Kesho yake walikuja na jibu wenyewe, kwamba maji yanaurahisishia umeme kupita kati ya meno yale mawili, kwa hiyo volti inayosomwa na bodi inapungua, na ndiyo sababu udongo mkavu unasoma karibu na 1023, namba ya juu kabisa ambayo bodi inaweza kusoma, ilhali uliolowa unashuka chini sana. Somo hilo peke yake, kwangu mimi, lililipa sehemu ya gharama.

Siku ya tisa namba zilianza kuyumba. Udongo uleule, kopo lilelile, lakini usomaji wa asubuhi haukufanana na wa mchana. Tulipokichomoa kihisi tukakuta jino moja limebanduka utando wake wa juu, na shaba iliyokuwa chini imegeuka kijani na kulika kingoni. Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu alikitazama kwa muda, akasema hii ni elektrolisisi. Alikuwa sahihi: tulikiacha kihisi kikipitisha umeme usiku na mchana katika udongo wenye chumvichumvi, na jino la upande chanya likaliwa kama anodi.

Kuna tiba mbili, nasi tulitumia zote. Ya kwanza ni kukipa kihisi umeme kupitia mojawapo ya pini za kidijitali, kwa sekunde moja tu kila nusu saa, badala ya kukiunganisha moja kwa moja na volti 5. Ya pili, iliyo bora zaidi, ni kununua kihisi cha kapasitansi, kinachopima jinsi udongo unavyoathiri uhifadhi wa chaji za umeme, na ambacho hakina chuma kinachogusana na udongo. Chetu kiligharimu shilingi 9,000. Hicho nacho kina udhaifu wake, kwani kingo za ubao wake hunyonya maji, hivyo wanafunzi walizipaka rangi ya kucha tabaka mbili na kuhakikisha sehemu ya juu yenye vipande vya kielektroniki haizami.

Pampu isiunganishwe na pini ya bodi kwa hali yoyote. Pini moja haipaswi kutoa zaidi ya miliampia 40, na pampu ndogo huhitaji mara kadhaa ya hapo, kwa hiyo ipitie kwenye rilei na ipate umeme wake kutoka chanzo kingine. Betri ya volti 9 ya mraba haifai kwa kazi hii. Yetu iliishiwa nguvu katika alasiri moja. Tulitumia betri nne za kawaida zilizopangwa mfululizo.

Jambo ambalo hakuna seti itakayokupa ni kipimo cha kulinganishia. Wanafunzi wangu walikuwa tayari wameandika kwenye bango kwamba pampu huwaka unyevu ukifika asilimia 20, ilhali asilimia hiyo ilikuwa imekokotolewa na programu kutokana na namba tupu. Niliwazuia. Tukachukua makopo sita ya maziwa, kila moja na gramu 100 za udongo uliomwagiwa kiasi tofauti cha maji, tukasoma kihisi katika kila kopo, kisha tukaukausha udongo katika oveni ya chumba cha sayansi kimu na kuupima kwa mizani ya maabara ya kemia mpaka uzito ulipoacha kupungua. Kopo la tatu lilibaki na gramu 82, maana yake maji yalikuwa gramu 18 kwa gramu 82 za udongo mkavu, karibu asilimia 22. Kazi hiyo ilichukua siku nne na ikajaza kurasa sita za daftari.

Siku ya mashindano jaji aliinama, akaisoma skrini, akauliza: “Mnajuaje kwamba hiyo ni asilimia 22 kweli?” Yule wa Kidato cha Pili hakugusa bodi wala waya. Alifungua daftari kwenye ukurasa wa makopo na kuanza kueleza, na jaji akavuta kiti.

Kwa klabu yenye shilingi 95,000 pekee, ningeshauri isinunue seti nzima. Bodi, kebo, ubao, nyaya, rilei, kihisi cha kapasitansi na pampu, vikinunuliwa kimojakimoja, vinatosha kwa mradi wa aina hii, na kihisi cha umbali pamoja na nusu ya vikorokoro vingine vya kwenye sanduku letu bado viko kwenye mifuko yake. Klabu inayotarajia kuwa na miradi mitatu au minne kwa mwaka itafaidika na seti kamili, mradi itenge fedha ya kihisi kingine cha udongo tangu mwanzo.