Habasoda ya CO2: hela yako inaenda wapi

Wadau mliokuwa mnauliza kuhusu yale mafuta ya habasoda ya chupa nyeusi iliyoandikwa CO2, yaani yametolewa kwenye mbegu kwa gesi ya kaboni dioksidi, nimeyachukua kwenye duka moja la dawa za asili Kariakoo, chupa ya mililita 100, na bei yake ni kama mara tatu ya yale ya kukamuliwa tuliyoyazoea. Muuzaji kaniambia "haya hayana kemikali kabisa bro" akaishia hapo, na ndo shida ya wauzaji wetu, kitu kizuri anakiuza kwa maelezo nusunusu.

CO2 ni kemikali vilevile, ndo ile gesi inayotoa povu kwenye soda. Kiwandani wanasaga mbegu kwanza, maana zikiwa nzima hazitoi kitu cha maana, wanazijaza kwenye tangi la chuma nene halafu wanaingiza gesi ikiwa imebanwa kwelikweli. Ikivuka nyuzijoto 31 na presha ya bar 74 inakuwa si gesi si kimiminika, inapenya kila mahali ila inayeyusha mafuta kama petroli inavyokula grisi. Na kwa mafuta ya mbegu bar 74 haitoshi, wanapanda mpaka 300 na zaidi, tairi ya gari ndogo we unajaza bar 2 na kidogo, sasa hilo tangi na pampu zake ni bei gani? Tena wakimaliza mzigo mmoja inabidi washushe presha, wafungue, watoe mashudu, wajaze upya. Hapo ndo hela yako inapoenda.

Faida ni kwamba presha ikishuka gesi inaondoka yenyewe, mafuta yanabaki matupu. Heksani, inayotokana na mafuta ya petroli na ndo viwanda vingi vya soya vinaitumia kuyeyushia mafuta yatoke kwenye mbegu, lazima uichemshe itoke, na Ulaya wameweka kikomo cha miligramu 1 tu kwenye kilo ya mafuta. Ila mlinganisho huo kwetu haupo sana, habasoda nyingi tunayonunua ni ya kukamuliwa na yenyewe haina heksani, kwa hiyo usikubali kutishwa.

Sasa mafuta yenyewe. Aisee ni makali! Ukifungua tu yanapiga puani, tone moja ulimini koo linawaka na uchungu unakaa. Ile ni thaimokwinoni na wenzake, ndo vinavyoipa habasoda ukali wake, na vinapotea kirahisi kwenye joto, huku CO2 inavibeba pamoja na mafuta. Nimemimina kwenye kikombe cheupe cha kahawa pembeni ya yale ya kukamuliwa, haya yametulia safi mpaka chini unaona kikombe, yale mengine yana ukungu na mashapo yanayoganda kwenye kona za chupa. Hayo ya dawa ya kila kitu isipokuwa mauti kila mtu wa pwani kayasikia, siingii huko, mi naongelea mafuta.

Kitu ambacho hawakwambii ni kwamba usafi huo una gharama yake. CO2 haichukui fosfolipidi, ule utelezi unaofanya mafuta ghafi yawe mazito, na fosfolipidi zinasaidia mafuta yasichache haraka. Kwenye soya imeshaonekana kwamba ya CO2 yanaharibika upesi kuliko ghafi ya heksani. Kwa hiyo yaweke kwenye friji, funga kizibo vizuri, na usidanganyike na chupa ya nusu lita eti unaokoa hela.

Kinachoniudhi ni lebo. Imeandikwa CO2 kwa herufi kubwa ila hamna tarehe ya kutengenezwa, ipo ya kuisha muda tu, wala asilimia ya thaimokwinoni, na kwa bei ile hicho ndo ningetaka kukisoma. Ningetoa nyota tano, natoa nne.

Wa kijiko kimoja asubuhi na asali, chukua ya CO2. Wa kupaka nywele, ya kukamuliwa inatosha kabisa usijitese. Na mtu akikuletea alizeti ya kupikia eti ya CO2 kwa bei sawa na ile ya Singida, muulize tangi lake liko wapi.