Land Cruiser 79 ya 1HZ kwa kazi ya kuvuta tela: maoni ya mpasua mbao wa Mafinga

Niseme mapema, asiye na muda ajue la kufanya: kwa kuvuta tela zito ndani ya misitu ya Mufindi, gari ninaloliamini ni Land Cruiser 79 pikapu yenye injini ya 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo. Haina mbio. Haina starehe. Mlimani lori la nyanya la kutoka Ilula litakupigia honi ulipishe. Hayo yote nayajua na bado ndiyo niliyoichagua, na kama kazi yako haifanani na yangu huenda ukasoma hadi mwisho ukaamua kununua nyingine kabisa.

Kazi yangu ni kupasua mbao za watu, paina na milingoti (mikaratusi), kwenye mashamba ya wakulima wadogo. Mashine yangu siyo ya kukaa uwanjani ikisubiri magogo. Ni msumeno wa mkanda uliofungwa juu ya tela la ekseli mbili, pamoja na jenereta, kifaa cha kunolea na misumeno ya akiba. Tela hilo likiwa limepakiwa lilisoma kilo 2,400 na ushee kwenye mizani. Kwenye bodi ya pikapu yenyewe nabeba pipa la dizeli, chenisoo, turubai na sufuria za vijana. Vijana wenyewe hutangulia kwa bodaboda, maana kebini moja ya 79 ni ya watu watatu waliopendana.

Sasa, ukienda kununua pikapu ya kuvutia tela utakutana na namba moja kila mahali: kilo 3,500. Land Cruiser 79, Hilux ya lita 2.8, Isuzu D-Max ya lita 3.0, Ford Ranger, zote karatasi zake zinasema hivyo. Muuzaji mmoja Dar alinifungulia vitabu vyote mezani akaniambia, “Zote sawa tu mama, chagua rangi.” Mstari wa chini yake hakuusoma. Ile 3,500 ni kwa tela lenye breki zake lenyewe. Kwa tela lisilo na breki, gari zote hizo zinashuka hadi kilo 750.

Haya, tela zinazochomelewa kwenye gereji zetu, ngapi zina breki? Nyingi ni ekseli ya Hiace iliyokufa, chaneli mbili za chuma, ubao wa chini, basi. Mtu anafunga tani mbili juu yake, anavuta kwa pikapu ya bei mbaya, na kila anapokanyaga breki tani mbili zinamsukuma mgongoni. Kwa hiyo mimi kabla ya kununua gari nililipeleka tela kwa fundi. Aliniuliza, “Mama, kweli unataka tela liwe na breki kama gari?” Nikamwambia ndiyo, na gharama nitabeba.

Alichofanya nakieleza kwa sababu watu wengi hawajawahi kukiona. Mkono wa tela, ule unaoshika ndoano ya gari, haukuchomelewa moja kwa moja kwenye fremu. Umewekwa ndani ya bomba, unateleza mbele na nyuma kwa sentimita chache, na ndani yake kuna shokomzoba. Gari likifunga breki, tela linataka kuendelea mbele, mkono unaingia ndani ya bomba, unasukuma wenzo, wenzo unavuta waya hadi kwenye breki za ngoma za magurudumu. Hakuna umeme wala pampu. Tela linajifunga lenyewe kwa uzito wake. Ubaya wake ni wakati wa kurudi nyuma: ukirivasi, mkono unaingia na breki zinashika kana kwamba unasimama, kwa hiyo kuna pini unaichomeka kwanza kuuzuia. Dereva akisahau pini, atasema gari limekosa nguvu. Juu ya hapo kuna mnyororo wa usalama, na waya mwembamba unaovuta breki za tela kama mkono utachomoka kwenye ndoano. Bila hivi vitu, mjadala wa injini gani ni bora hauna maana yoyote.

Injini basi. 1HZ ina silinda sita kwenye mstari, ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, na nguvu ya mzunguko ya Nm 285 kwenye mizunguko 2,200 tu kwa dakika. Linganisha na Hilux ya 2.8, ambayo ya gia otomatiki ina 500, au D-Max mpya yenye 450. Kwenye karatasi 1HZ imeshapigwa. Na barabarani pia inapigwa, nisiwadanganye. Mafinga iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, maana hewa ni nyepesi. Ukienda nayo kazi upande wa Makete, kuelekea Kitulo ambako unavuka mita 2,500, utaona moshi mweusi nyuma na sindano ya spidi inabembeleza. Yenye turbo inajilazimishia hewa, haiumizwi sana na hewa nyepesi ya kule. Kama maisha yako yote ni milima ya juu na lami, hapo tu 1HZ imeshakosa kura.

Lakini mimi nashuka pia. Wakulima wa mitiki wa upande wa Ifakara wakiniita, njia ni Mafinga, Iringa, Ilula, halafu Kitonga, kisha Mikumi na kukata kulia kwenda Kidatu. Anayeijua Kitonga hahitaji maelezo. Asiyeijua, ni kona juu ya kona, ukuta upande mmoja na bonde upande mwingine, malori ya Zambia na Kongo yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea na mengine yanashuka yakinuka breki. Hapo ndipo lita 4.2 zinapolipa deni lake. Ukiweka gia ya pili juu kabisa kabla ya kona ya kwanza, mgandamizo wa zile silinda sita kubwa (uwiano wake ni 22.4 kwa 1) unalishika gari na tela, na mguu wangu unakanyaga breki kwa kugusa tu kwenye kona. Gari lenye injini ndogo na turbo linaweza kushuka vizuri pia, ila dereva lazima atoe gia kwenye otomatiki na azipange mwenyewe, na madereva wetu wengi wakishaona D wanaiacha hapo hapo.

Kitu kimoja cha Kitonga: breki za tela za kujisukuma nilizoeleza hapo juu hazijui kama unashuka mlima au unasimama. Tela linasukuma muda wote, kwa hiyo breki zake zinashika kidogo kidogo muda wote, na ngoma zinapata moto. Nikifika Ruaha Mbuyuni, kwenye vitunguu, nasimama. Nasogeza kiganja karibu na haba, yaani kitovu, ya kila gurudumu la tela bila kugusa, moja moja. Zote nne zikiwa na joto linalolingana, ni sawa. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, waya wake umekaza sana au bearing inaanza kulia, na hapo hatuondoki mpaka ifunguliwe. Vitunguu vyenyewe nanunua, kwa nini nisinunue.

Sababu kubwa kuliko zote kwangu lakini ni lile pipa la dizeli. Mafuta ya kituoni sina tatizo nayo. Shida inaanza msituni: mafuta yamekaa kwenye pipa la chuma, usiku baridi, mchana jua, pipa linatoa jasho kwa ndani, na maji yanatua chini. Mvulana anachota kwa mpira wa kunyonya, anafika hadi chini. Injini za kisasa za 2.8 na 3.0 zinapeleka dizeli kwenye nozeli kwa shinikizo kubwa mno, na pampu na nozeli hizo hazina simile na maji. Hilo halihitaji mtu alaumiwe, ndivyo zilivyotengenezwa, zinataka mafuta safi. Pampu ya 1HZ ni ya kimakanika. Nayo maji yanaiharibu, asije mtu akamimina maji ya mfereji, lakini inakusamehe mara nyingi zaidi, na ikigoma yuko fundi wa pampu Iringa na yuko Makambako, anaifungua mezani bila kompyuta. Nozeli zinapimwa, zinabadilishwa ncha, jioni gari linaunguruma. Mkanda wa taimingi ndio wa kuuheshimu: mafundi wetu wanaubadilisha kila kilomita 100,000 na mimi sibishani nao, maana ukikatika valvu zinakutana na pistoni.

Chini ya gari kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawalitaji. Ekseli ya nyuma ya 79 ni ya aina ambayo uzito wa gari unabebwa na ganda la ekseli na haba yenye bearing mbili. Ile shafti ya ndani kazi yake ni kuzungusha gurudumu tu. Shafti ikikatika, gurudumu linabaki mahali pake na unaweza kuvutwa hadi barabarani. Hilux shafti yake inazungusha na inabeba pia. Kwa mtu wa tela hiyo siyo tofauti ndogo, kwa sababu tela linakandamiza nyuma ya gari muda wote. Karibu asilimia 10 ya uzito wa tela inatakiwa ikae kwenye ndoano. Ikipungua sana, mkia unaanza kuyumba ukifika spidi 80. Ikizidi, taa zinamulika mitini na usukani unakuwa mwepesi. Mimi jenereta naiweka mbele kidogo ya ekseli za tela, basi linakaa. Na ule uzito wa ndoano unahesabika kwenye mzigo wa pikapu, kwa hiyo kama tela limeweka kilo 240, pipa langu la dizeli linapungua.

Ulaji wa mafuta: tela likiwa nyuma napata kilomita tano hadi sita kwa lita, kutegemea matope. Tangi ni la lita 130. Wenye 2.8 wanapata nafuu kuliko mimi na wananicheka, wacha wacheke.

Kuhusu wapinzani niseme haraka. Ningekuwa navuta jenereta za harusi na mikutano kati ya Dar, Morogoro na Dodoma, lami mwanzo mwisho, ningechukua D-Max ya 3.0 ya gia za mkono na nisingeangalia nyuma. Ina nguvu, inatumia mnyororo wa taimingi badala ya mkanda, na viti vyake havikuadhibu. Hilux ya 2.8 ni gari zuri na ukitaka kuiuza kesho wanunuzi wamepanga foleni, ila ya gia za mkono ina Nm 420 badala ya 500, muulize muuzaji ipi anakuuzia. 79 ya V8 lita 4.5 inavuta kama haina kitu nyuma, kisha unaona bei ya spea. Na tangu 2023 kuna 79 mpya zenye injini ileile ya 2.8 ya Hilux na gia otomatiki sita. Hiyo ni chesisi na ekseli ninazozipenda pamoja na nguvu ninayoikosa Makete. Kama una mafuta safi na fundi mwenye kompyuta karibu, ndiyo ningekushauri.

Mpya kwa bei zake mimi sikuthubutu. Yangu ilikuwa gari la mradi, namba za DFP za miradi ya wafadhili, ikauzwa mnadani. Ukienda kwenye minada hiyo usianze na rangi. Washa injini ikiwa ya baridi, fungua kifuniko cha oili juu: moshi ukitoka kwa kusukuma kiganja, injini imechoka. Angalia vifundo vya magurudumu ya mbele, grisi iliyochanganyika na oili ikichuruzika ujue sili zimekwisha. Lala chini na tochi, pitia chesisi pale springi za nyuma zinaposhikilia, tafuta nyufa na tafuta welding mpya iliyopakwa rangi nyeusi. Halafu angalia ndoano. Nyingi zimechomelewa kwenye bampa, na bampa siyo sehemu ya kuvutia chochote. Yangu tuliikata siku ileile, fundi akafunga nyingine kwa bolti kwenye reli zote mbili za chesisi, na ile ya zamani tunaitumia kambini kuzuia mlango wa banda.