Wakala mwenye maswali mengi pale Mwanjelwa, nampa nyota nne, ya tano nimeibana

Naandika hapa nimekalia belo la mitumba, baridi la Juni linapiga mpaka mifupa, wateja hamna, kwahiyo ngoja nimpe mtu haki yake.

Kuna kibanda cha wakala wa pesa za simu hapa Mwanjelwa, Mbeya, jina sitaji kwanza hata kibao hakina, ni mbao tu zimepakwa bluu na mwavuli uliochanika upande mmoja. Mitandao yote anafanya, kuweka, kutoa, luku, ving'amuzi, hizo ni za kawaida kila kibanda wanafanya. Shida yake, na ndo sababu naandika, ni kwamba yule kaka ni mzito. Sio mvivu jamani, mzito. Unampa hela unamwambia niwekee kwenye namba hii, hawekei, anaanza namba ya nani hii, mmeongea kwa mdomo au ni meseji, unamfahamu tangu lini, utadhani umeenda kuposa. Mimi mwaka mzima nilikua namkwepa, naenda kwa yule binti wa ng'ambo ya barabara, kwa binti unataja namba, unataja kiasi, dakika haijaisha ushamaliza unarudi kwenye biashara.

Siku naenda kwake ni kwa sababu tu binti aliishiwa floti, yaani salio la kufanyia miamala. Ilikua mwisho wa mwezi na kodi yangu imefika, miezi mitatu, elfu sitini mara tatu, laki na themanini ninazo mkononi nimezikunja kwenye kitambaa. Asubuhi ile ile ilikua imeingia meseji, "Habari, mimi mwenye nyumba wako, ile kodi tuma kwenye namba hii, laini yangu nyingine inasumbua, jina litakuja" halafu limetajwa jina la mwanamke. Mi nikajua ni mke wake. Wala sikuwaza mara mbili, maana kodi kweli nadaiwa, tarehe ndo yenyewe, na mzee wangu kweli ana tabia ya kubadili badili simu.

Kaka akaisoma ile meseji polepole kama anasoma wosia. Akaniuliza, "Dada, jina lako limeandikwa wapi hapa?" Nikaangalia. Halipo. "Nyumba imetajwa ya wapi?" Haijatajwa. "Kiasi je?" Hamna. Akasema hii meseji hata mimi nimetumiwa, na mimi naishi kwenye nyumba ya baba yangu.

Nilikasirika sitaki kudanganya. Foleni nyuma yangu watu wanaguna, mwingine anasema kaka si umtumie tu hela ni yake. Akasema mpigie mzee kwa ile namba yake ya zamani, akikubali utatuma hata laki tano. Nampigia mzee, hapatikani. Mzee anakaa Kyela. Nikamwambia unaona, si nimekwambia laini inasumbua? Akajibu laini isiyopatikana sio laini iliyobadilishwa, kaa pembeni nihudumie wengine. Nikabaki nimesimama pale na kitambaa changu kama mtoto aliyefukuzwa ada. Saa kumi jioni ndo mzee akapokea, kumbe alikua msibani kazima simu. "Laini ipi tena mwanangu? Mimi ni hii hii, nyingine ningeipeleka wapi."

Laki na themanini yangu ile. Nilimwambia ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, yeye akacheka akasema haya sasa weka kwako utume mwenyewe.

Na hapo kwenye weka kwako utume mwenyewe ndo wateja wengi wanapomchukia. Hakuwekei hela moja kwa moja kwenye namba ya mtu mwingine, kamwe. Watu wanasema anataka wakatwe makato ya kutuma bure wakati mawakala wengine wanarusha tu. Mi pia nilikua nasema hivyo hivyo. Maelezo yake ni kwamba ukituma kutoka kwenye simu yako, kabla hujaweka namba ya siri jina la mpokeaji linakuja kwenye kioo chako wewe, unalisoma kwa macho yako, na ikitokea umekosea muamala ni wako, unapiga 100 kwa mtandao wako fasta wanaweza kuizuia kama jamaa hajaitoa. Akirusha wakala, wewe huna chochote mkononi, umebaki kumshika wakala shati.

Ila jina lenyewe nalo ni mtego, hili nilikua silijui. Tapeli anakwambia mapema "jina litakuja fulani", unatuma, kweli linakuja fulani, moyo unatulia, unasema ni yeye. Wakati ulichothibitisha ni kwamba laini imesajiliwa kwa fulani basi. Fulani mwenyewe anaweza kuwa bibi wa watu yuko zake shambani anapalilia mahindi hajui kitu. Si mnakumbuka tangu ule usajili wa alama za vidole, Januari 2020 laini zikaanza kuzimwa, kila kona kukawa na vijana wa miavuli? Unaweka dole gumba, kijana anakwambia mtandao umegoma weka tena, unaweka tena, na tena. Mara nyingine ni mtandao kweli, mara nyingine umeshasajiliwa laini ya pili ambayo hutaiona maisha yako yote. Kaka akanipigisha *106# hapo hapo, unaona namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Mimi zangu zilikua zangu, ila mama wa nyuma yangu alikuta moja haijui, akaanza kutetemeka eti polisi watanikamata. Akaelekezwa aende duka la huo mtandao na kitambulisho chake aikatae, aifutishe.

Ile meseji ya kodi tukaifowadi kwenda 15040, ile namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti, na namba ya tapeli tukaijaza. Ripoti za TCRA zenyewe huwa zinataja Rukwa na Morogoro ndo vinara wa majaribio ya utapeli wa simu, kwahiyo sisi huku hela zetu zinaliwa na majirani, shikamooni huko.

Tangu siku ile nimehamia kwake na nimegeuka mtazamaji maana foleni yake ni sinema. Ndani kabandika boksi limeandikwa kwa makapeni "MGANGA, FREEMASON NA MZUNGU WA FESIBUKU: SITUMI". Nilidhani utani. Wiki ya pili akaja dada mmoja kapendeza kweli, anataka kutuma laki mbili na nusu za ushuru, mzungu wake kamtumia zawadi, laptopu na dhahabu, zimekwama eapoti Dar. Kaka akamuuliza huyo mzungu mwenye dhahabu kashindwaje ushuru? Dada akaondoka kanuna, akaenda ng'ambo kwa binti. Sijui kilichoendelea ila huwa namuona, hajapata laptopu.

Mwingine kijana, app ya mkopo, kaambiwa amepata milioni moja ila atangulize elfu kumi na tano ya bima. Kwenye hili kaka alifoka kabisa, mkopo gani unaanza kwa wewe kumpa hela anayekukopesha? Na kweli Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya app 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni, sema nani anasoma orodha akiwa na njaa. Kuna mzee nae kaletewa habari ya unga wa dhahabu wa Chunya bei ya kutupa, anatakiwa atume kishika uchumba leo leo kuna mnunuzi mwingine anakuja. Hiyo leo leo ukiisikia popote ujue ndo yenyewe, maana wote hawa, wa kodi, wa mzungu, wa dhahabu, hata yule anayejifanya mwalimu anapiga anasema mtoto wako kadondoka shuleni anapelekwa hospitali tuma hela ya vipimo, wote hawataki upumue. Huyo wa mtoto ndo mbaya kuliko wote, mama wa viazi kutoka Uyole alifika pale analia hela kaishika imeloa jasho, kaka akamwambia mama yangu, kwanza mpigie jirani anayekaa karibu na shule. Jirani akaenda, mtoto yuko darasani anapiga kelele na wenzake.

Mi mwenyewe ningekua na akili hiyo kabla nisingeliwa elfu arobaini na tano za viatu kwenye peji moja ya mtandaoni, picha kali, malipo kwanza, komenti wamefunga. Komenti kufungwa ilitosha kunifungua macho, basi tu nilipenda zile simpo.

Sasa ile nyota niliyoibana. Kwanza mdomo. Anauliza kwa sauti, "Dada laki nne hizi unampelekea nani?" na foleni nzima wanasikia na vijana wa stendi wapo pale wanakutazama pochi. Hapo kaka unatukinga na tapeli wa kwenye simu unatuuza kwa kibaka wa mtaani. Nilishamwambia, akasema atapunguza, hajapunguza. Pili, hamna pa kujificha kuweka namba ya siri, unabonyeza mtu kakuegemea begani. Tatu, saa kumi na moja jioni floti imekata, kila siku. Na noti za elfu kumi anazikagua moja moja kwenye mwanga, anazisugua kwa kidole, hata kama ni mteja wake wa mwaka, ila hilo nimemsamehe maana aliwahi kupewa bandia tatu kwa mpigo na mzee mmoja mwenye kofia ya heshima kabisa, kamsalimia shikamoo na kila kitu.

Anafungua saa tatu, kipindi hiki cha baridi hata tatu na nusu, Jumapili mpaka watu watoke kanisani. Nenda na kitambulisho kama unatoa hela, bila hicho hakupi hata umlilie. Kama gari lako la Tunduma linaondoka muda huo huo usiende kabisa, utaachwa. Na huo mwavuli jamani, anayemfahamu amwambie, tunanyeshewa upande ule ule kila mwaka.