Safari ya boti hadi Kisiwa cha Toten, Tanga: uzoefu wangu

Kisiwa cha Toten kimo ndani ya ghuba ya Tanga, kinaonekana bila shida kutoka ufukweni, na huenda kwa sababu hiyo wenyeji wengi, mimi nikiwamo, tunazeeka bila kukikanyaga. Mwezi uliopita nililipa shilingi 40,000 kwa safari ya nusu siku pamoja na kiongozi wa watalii.

Lawama yangu kubwa ni ratiba. Tuling'oa nanga saa tatu asubuhi, siku mbili baada ya mwezi mpevu, yaani katikati ya bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, ambapo bahari ya hapa hushuka kwa zaidi ya mita 3 na kupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano. Boti ilikwama kabla ya kuifikia mikoko inayokizunguka kisiwa, tukashuka viatu mkononi na kuzama magotini katika tope jeusi. Nahodha, mzee wa makamo ya baba yangu, alicheka: "Bamvua saa nne maji yameshakwenda Pemba, mwanangu. Huyu kiongozi wenu anaangalia saa, haangalii mwezi." Ndiye pia aliyenieleza kwamba tope hilo huletwa na mto Zigi, unaotoka Usambara Mashariki, na mto Mkulumuzi.

Kisiwani hakuna mkazi. Yapo magofu ya msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 17 au kabla yake, kuta zake za mawe na chokaa zikiwa zimebanwa na mizizi kiasi kwamba huwezi kujua kama mti unaubomoa ukuta au ndio unaoushikilia. Yapo na makaburi ya karne ya 18 na 19, na vimewahi kuokotwa vigae vya vyungu vya karne ya 15. Kiongozi alieleza vyema kwamba Toten ni Kijerumani, maana yake wafu, ila akalihusisha jina na vita vya Waingereza na Wajerumani vya Novemba 1914, ilhali majeshi ya Waingereza yalishukia Ras Kasone, upande wa bara, na makaburi tuliyosimama mbele yake ni ya Waislamu waliozikwa kabla ya vita hivyo. Nilisikitika, maana muda wote uliosalia, chini ya nusu saa, ulipotea katika hadithi hiyo.

Anayetaka kwenda achague asubuhi ya maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana, au siku za bamvua avuke kuanzia saa nane mchana, maji yanapojaa. Mimi nitarudi na nahodha yule yule, bila kiongozi.